Muwa Uliovaa Kiatu

Tangu trela lipinduke karibu na Ekero, rafiki yangu Oliver hatii sukari kwenye chai. Majirani zetu wa Amalemba walidhani ni kisukari, wakamletea majani ya kuchemsha ya kila aina. Aliyanywa yote kwa adabu.

Ajali nitaieleza kwa kifupi, maana sehemu yangu si ya kujivunia. Oliver alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa, nami Yakub nilikuwa utingo wake. Kwenye kona trela likalala upande na kuvuta trekta. Mimi niliruka. Yeye hakuruka, na mzigo wote ukamfunika. Watu wakaja mbio kutoka kila upande, na mimi pale mtaroni na mguu uliovunjika nikamshukuru Mungu kwa utu wao, hadi nilipoona wamebeba magunia. Walifuata miwa. Nilipiga kelele kwamba chini kuna mtu, nikaambiwa nitulie, miwa itatutosha sote. Wakavuta mmoja mmoja, wakitafuna huku wakivuta, na Oliver kule chini anasikia meno yakipasua miwa juu ya kichwa chake. Saa nzima ilipita kabla mama mmoja hajamwambia mwenzake, "Wewe, huu muwa umevaa kiatu."

Ndivyo alivyookolewa. Miaka mitatu sasa, na hajaamua kama awashukuru watu wale au awashtaki.

Mbavu zake zilipona, mguu wangu ukapona. Akaacha trekta, akafungua kibanda cha kutengeneza simu mjini. Lakini tumbo likawa linamkata, moyo unamwenda mbio akiwa amekaa tu, usingizi ukamkimbia. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, mguu mmoja nje. Mtu akitafuna karoti karibu naye, anatoka. Alitibiwa malaria mara nne, vidonda vya tumbo mara mbili, na taifodi ambayo hata daktari aliitaja bila moyo. Shangazi yake Jael, aliyemlea, alisema ni wivu wa watu. Nilimuuliza nani anaweza kumwonea wivu mtu aliyefunikwa na miwa, akaniambia mimi mdomo wangu utanizika.

Mwishowe alitumwa kwa dada mmoja aitwaye Chebet, mshauri wa nafsi, mwenye chumba mwisho wa korido ya hospitali. Nje kuna benchi ambapo kila mtu hujifanya anasubiri eksirei. Nilimsindikiza. Chebet akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ajali iliisha. Mwili wako ndio haujaambiwa." Akamfundisha namna ya kuuambia: woga ukija, pumua polepole, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, ili mwili ujue uko leo, hauko siku ile. Kisha akanigeukia na kuniuliza mimi nalalaje. Nikamwambia nalala chali. Hakucheka. Aliandika kitu.

Mafunzo yale yalimsaidia. Mjini alitembea akitaja vitu: duka, punda, polisi, mama wa nyanya, deni langu limesimama pale. Ndipo akampata Nanjala, aliyekuja kutengenezewa simu na akarudi mara tatu na simu nzima. Nanjala aliambiwa kila kitu, akampenda na chai yake isiyo na sukari.

Shida ilikuwa kwao. Baba yake, mzee Wanyonyi, analima miwa kule Kabras, na nyumba yake iko mwisho wa kinjia kinachopita katikati ya miwa, mirefu kuliko mtu aliyesimama juu ya mtu. Siku ya kwanza ya kujitambulisha, Oliver alifika barabarani tumbo likamrudisha. Siku ya pili aliingia hatua ishirini, akatoka kwa magoti. Tulisema ni presha. Mzee Wanyonyi akatuma ujumbe: Jumamosi ni mara ya tatu na ya mwisho. Kijana asipotokea, Nanjala ana karani fulani anayemuulizia, na huyo anajua kutembea. Nanjala alitaka babake aelezwe ukweli. Oliver akakataa, hakutaka kuingia ukweni kama mgonjwa.

Jumamosi tukashuka barabarani saa saba mchana, shangazi Jael mbele na leso mpya, Oliver katikati, mimi nyuma kuziba njia ya kutorokea. Hewa ilikuwa nzito ya mvua. Tukaingia. Upepo ukapita, majani yakaanza kusuguana pande zote mbili, na nikaona shingo ya Oliver ikitoa jasho.

"Taja vitu," nikamwambia.

Akavuta pumzi. "Muwa," akasema. "Muwa. Muwa. Muwa. Na shangazi Jael."

Shangazi akauliza kwa nini yeye ni wa tano.

Chebet ni msomi, lakini hakuwa ameifikiria Kabras. Hata hivyo kijana alikwenda. Alirudia orodha ile ile kama rozari, hatua kwa hatua, na tulikuwa tumepita nusu. Hapo ndipo mimi nilipoharibu. Nina ugonjwa wangu: nikiogopa, mdomo lazima ufanye kazi. Mzaha ulikuwa umeniishia. Mkono ukajiendea wenyewe, ukavunja muwa, na kabla sijajua ninachofanya, meno yangu yakaupasua. Kwaa.

Oliver alikimbia. Nyuma nilikuwa mimi na meno yangu, kwa hiyo alikimbia mbele. Alimruka shangazi Jael. Tulipofika uani tukihema, mzee Wanyonyi na wazee wenzake walikuwa wamesimama mlangoni wakielekeza vidole nyuma ya nyumba, kwa sababu mkwe aliyesubiriwa miezi minne alikuwa amewapita bila salamu na kuingia jikoni.

Jikoni ndiko alikokuwa mama Nanjala. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani namna hiyo. Hawapeani mkono, hawaangaliani usoni. Mama hukaa jikoni na mkwe hukaa sebuleni, na kati yao huwa kuna ukuta na heshima. Wanawake wengine walijifunika nyuso na kutoka kupitia mlango wa uani. Oliver alikuwa amekaa sakafuni pembeni, mgongo ukutani, macho mlangoni. Mama mwenyewe hakutoka, kwa sababu obusuma, ugali wa wageni, ilikuwa motoni. Alimpa mgongo kama desturi inavyotaka, akaendelea kusonga, akamuuliza ukuta ni nini kimemshika huyu kijana.

Oliver akauambia ukuta. Trela, magunia, meno, kiatu. Mimi nilikuwa dirishani na nilisikia yote, na kwa mara ya kwanza hadithi ile haikunichekesha.

Mama akapunguza moto. Kisha akasema, "Mimi radi ilipiga kanisa letu nikiwa ndani. Iliua dada yangu tumeshikana mikono. Sasa ni miaka kumi na tisa. Mawingu yakikusanyika, naingianga chini ya kitanda. Mzee anaambianga wageni nimeenda Malava." Akageuza obusuma. "Malava gani hiyo ina chandarua."

Niliporudi sebuleni, mambo yalikuwa yameharibika. Mzee Wanyonyi, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kata shauri, alikuwa akimweleza shangazi Jael kwamba yeye hana ubaya na mtu, lakini hawezi kutoa binti kwa kijana ambaye akili yake haijakaa. Nanjala alisimama karibu na mlango akilia bila sauti. Shangazi Jael alikuwa anatafuta leso yake, tayari kuondoka.

Radi ikapiga.

Si karibu sana, labda upande wa msitu. Lakini jikoni mwiko ulianguka, miguu ikakimbia kwenye korido, na mlango wa chumba cha kulala ukafungwa. Wote tukautazama. Muda si mrefu Oliver akatokea jikoni, akamwambia mzee kwa heshima, "Baba, mama anatetemeka. Mimi desturi hainiruhusu kuingia huko."

Mzee Wanyonyi akafungua mdomo. Nadhani Malava ilikuwa kwenye ulimi. Alimtazama kijana, akatutazama sisi, akatazama mlango ule.

"Mama yenu ako chini ya kitanda," akasema. "Ni radi. Tangu zamani."

Akaingia, na tukamsikia mkewe akimwambia amuulize vitu anavyoviona, naye mzee akamuuliza polepole. Yaani Oliver alikuwa amemfundisha mama wakati obusuma inaiva. "Godoro," sauti ikasema kutoka chini. "Viatu vyako. Sanduku. Viatu vyako vingine. Hivi unavinunuanga lini?"

Mvua ilipoisha, hukumu ilitolewa. Oliver alitozwa kuku mmoja kwa kuingia jikoni mwa mama mkwe, na mimi kuku wawili kwa wizi wa muwa shambani mwa wakwe. Shangazi Jael aliona ni haki kabisa. Chai ikaletwa, na mbele ya Oliver pakawekwa kikombe peke yake, bila sukari, na hakuna aliyemuuliza kitu. Tarehe ya harusi ikawekwa mezani pamoja na ingokho, kuku wa kumheshimu mgeni.

Wiki iliyofuata mzee alikata mistari minne ya miwa kila upande wa kinjia, akapanda maharagwe. Majirani wakimuuliza, anasema ni mtindo mpya wa kilimo. Oliver sasa hupita pale bila kukimbia. Hupita kwa haraka kidogo, lakini hupita.

Mimi Nanjala amenitafutia siku kwa Chebet. Ni Jumanne. Benchi ni lile lile, na nimeshawaambia watu nimekuja kwa eksirei.