Jina la Baba Mkwe

Wiki nzima Koplo Ikupa alikuwa akimhoji Prisca, mwanamke asiye na damu aliyeishi ndani ya kompyuta ya mafunzo, kituoni Tukuyu. Ukimkaripia, Prisca huinama. Ukiwatoa watu chumbani, ukamuuliza kwa upole kisha ukanyamaza, huinua macho na kumtaja aliyemuumiza. Ikupa aliwashinda askari wenzake wote.

Jumatatu akaingia Tulinagwe, mjane wa Masukulu, miguu peku, matope hadi magotini. Nyuma yake dada yake, Atupakisye.

"Afande, mwanangu kaibwa! Gwakisa wangu anavushwa kwenda Malawi!"

"Kaibwa na nani?"

Tulinagwe akamtazama dada yake. Atupakisye akafungua kinywa.

"Wewe subiri nje," Ikupa akamkatiza.

"Afande, huyu mwenzio hawezi…"

"Nje, dada. Anahojiwa peke yake. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Haya, mliofundishwa!" Mlango ukafungwa.

"Nani kamchukua, mdogo wangu?"

Tulinagwe akajitanda kanga usoni, akaugeukia ukuta. "Mwenye boma," alinong'ona. "Aliyemzaa marehemu."

"Nitajie jina, niwapigie simu mpakani."

Ikupa akasubiri, kama alivyomsubiri Prisca. Mvua ikanyesha juu ya bati, ikaanuka. Bado akasubiri, akijisifu moyoni kwa subira yake.

Kanga ile ndiyo iliyomzindua. Mama yake mwenyewe alikuwa akijitanda hivyo hivyo, akijitupa kwenye michai kila babu alipotokea njiani. Kwa mila, mke hatamki jina la baba mkwe; naye hakulitamka maisha yake yote, hata siku ya kumzika. Ikupa alilijua hilo tangu akinyonya.

Akauvuta mlango.

"Erasto!" Atupakisye alisema kabla hajaulizwa. "Baba mkwe wake ni Erasto. Mimi ndiye ulimi wake, ukanitoa nje! Wewe si binti wa hapa hapa?"

Simu ya mpakani ikajibiwa upesi. "Mzee Erasto, na mtoto analia? Tumemgongea mhuri sasa hivi, kavuka. Mngesema mapema, afande."

Ikupa hakuweza kugeuka. Nyuma yake alisikia kanga ikidondoka sakafuni.

"Erasto!" Tulinagwe alipiga ukelele. Dada yake akamziba mdomo. Akaung'ata mkono ule. "Erasto! Erasto!"

Kisha akamshika Ikupa mkono, taratibu, kama mtoto anayeomba.

"Nimemtaja, afande. Sasa nirudishieni mwanangu."