Kopo Umeshika Wewe

Barua ilikuja Jumatatu: kila nyumba ipake geti lake rangi ya buluu kabla ya Jumamosi, kuna mkubwa atapita. Kwamba mtaro wetu haujawahi kuona saruji, hilo halikuandikwa. Kwamba taa za barabarani zilizimika mke wangu akiwa hai na hazijawaka tena, nalo halikuandikwa. Buluu tu. Shule niliishia darasa la nne, lakini dharau najua kuisoma, hata ikiwa na mhuri.

Ijumaa mtaa mzima ukashika brashi. Nyumba kumi na saba, mageti kumi na saba. Mimi nilimaliza kabla ya adhuhuri, nikaoshea brashi kwenye kopo la mafuta ya taa, nikalibeba kwenda kulimwaga mtaroni kama tulivyozoea wote. Nilikuwa nimeshaliinamisha niliposikia:

"Shemeji! Thubutu!"

Alikuwa Dobi, wa nyumba ya mwisho kule chini, anayefua mashuka ya zahanati. Ananiita shemeji kwa sababu yeye na marehemu mke wangu waliitana dada. Kisima chake kiko hatua nne kutoka mtaroni, na maji ya mtaro huishia hapohapo, yakanywewa na udongo.

"Nithubutu nini?"

"Ukimwaga hilo, kesho nachota rangi. Na wenzako kumi na sita wanakutazama wewe unamwaga wapi. Nikirudisha mashuka ya buluu zahanati, kazi si imeota mbawa? Na kisima sina kingine."

"Usinionee mimi. Kawaambie walioandika barua. Wangejenga mtaro wa maana..."

"Wangejenga, wangejenga! Wao wako ofisini. Kopo umeshika wewe."

Majibu ya kuwapa wakubwa ninayo ya miaka thelathini, yamejaa kichwani kama misumari kwenye debe. Lakini Dobi si mkubwa. Nikalisimamisha kopo. Tena Mama Pacha wa jirani alikuwa anasikia, na mdomo wake hauna breki.

Ujanani nilikuwa nikipaka rangi samani kwenye karakana. Bosi wetu alikuwa bahili wa kutupwa. Kwake mafuta ya taa hayamwagwi. Brashi unaifuta kwanza kwenye gazeti mpaka ichoke, kisha unaiosha kopo la kwanza, la pili, la tatu. Unafunika. Rangi inatuama chini, mafuta masafi yanabaki juu, unayatumia tena. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Leo ubahili wake ndio nikaukimbilia.

Nikaweka kiti juu ya ubao unaovuka mtaro, pale tunapomwagia wote, makopo matatu mbele yangu, nikapaza sauti: "Hakuna kopo linalopita hapa! Brashi zote kwangu!"

Mama Pacha akafika wa kwanza. "Babu, umefungua hospitali ya brashi?"

"Ndiyo, na mgonjwa wako yuko mahututi. Futa kwanza. Unaipapasa, mama! Ikamue!"

Akaja mwenye duka. "Yangu ni rangi ya maji, hii inayeyuka tu."

"Inayeyuka iende wapi, mbinguni? Oshea kwenye ndoo ile, ituame."

Jioni akatokea Mwenyekiti wa mtaa, wa mwisho kupaka ingawa barua ilipitia mikononi mwake. Kopo mkononi, haraka usoni.

"Mzee, nipishe. Nina kikao."

"Na nani, na mtaro?"

"Unajua unaongea na Mwenyekiti?"

"Najua. Ndiyo maana nimekutafutia nafasi nzuri, nyuma ya mwenye duka."

Akataka kunizunguka amwage chini kidogo. Huko akamkuta Dobi amesimama na shuka bichi alilolisokota kama kamba. Mwenyekiti akaliangalia shuka, akaangalia shati lake jeupe, akarudi kupanga foleni.

Jumamosi asubuhi tukakusanyika kisimani. Dobi akachota, akanusa, akapikicha maji kwa vidole, akayamimina juu ya foronya nyeupe. Watu wazima tukainama kutazama. Foronya ikabaki nyeupe.

"Haya, mnatazama nini?" akasema. "Hamjawahi kuona mtu akifua?" Kisha akachota ndoo ya pili, na ya tatu, anaimba.

Kwenye makopo yangu mafuta masafi niliyahamishia chupani. Chini lilibaki tope la buluu, zito kama gundi. Nikalichanganya na mchanga mpaka likashikana, nikalifunga kwa magazeti, nikampelekea Mwenyekiti, ambaye alikuwa barabarani na suti yake akimngoja mkubwa.

"Nini hii?"

"Buluu yenu. Mliiagiza nyinyi, basi nyinyi ndio mtajua inatupwa wapi bila kuingia kwenye maji ya mtu."

"Mzee, si sasa hivi!"

"Basi niiweke mtaroni?"

Gari la mkubwa lilikuwa limeshakata kona. Mwenyekiti akaninyang'anya furushi, akalibana kwapani, akampungia mkubwa kwa mkono uliobaki.