Mkia wa Kamba

"Kaskazini!" Mwenzake wa zamu alipiga meza kwa furaha. "Mama Jua, tumepona! Nikuletee chai?"

Kwenye kituo chao cha kufuatilia jua walimwita Mama Jua kwa sababu kutwa nzima alikuwa akilichungulia jua, kwenye kiti kile kibovu ambacho hakuna aliyekumbuka kukitengeneza. Leo macho yake hayakubanduka kwenye skrini. Juzi jua lilikuwa limetema wingu la gesi ya moto, na ndani yake nguvu ya sumaku imejisokota kama kamba. Sasa wingu hilo limefika duniani. Sumaku ikielekea kaskazini, dunia hujikinga. Ikigeukia kusini, balaa: nyaya ndefu za umeme hubeba mkondo usio wake, na transfoma huungua.

"Hicho ni kichwa tu," alisema. "Kamba imesokotwa. Mkia utaelekea kusini."

"Aa, usitutie presha bwana!"

Laiti angekuwa amekosea! Akisema umeme ukatwe, utakatika mpaka kwao, na mama yake alikuwa akipumua kwa mashine. Mtungi wa akiba wa oksijeni ulikuwa umebaki robo.

Kwenye skrini, mstari wa sumaku ukaanza kushuka.

Alipiga simu kwanza kituo cha umeme. "Zimeni laini ndefu. Ndiyo, zote. Sasa hivi." Kisha akapiga nyumbani.

"Dada, mtungi wenyewe robo!" mdogo wake alilalamika.

"Najua. Ufungue. Muinue mgongo, mwekee mito."

Sauti ya mama ikapenya, nyembamba. "Hilo jua lako... bishi kama marehemu baba yako."

"Mama, usiongee. Utachoka."

"Nani kakwambia... nimechoka?"

Mama Jua alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Feni ya darini ikapunguza mwendo, ikasimama. Kompyuta zilibaki zikiwaka kwa betri. Nje, taa za barabarani zilizimika na honi zikaanza. Mwenzake aliweka kikombe cha chai mezani, akavuta kiti, akakaa kando yake.

Mstari ulikuwa umeshapita sifuri, umeingia upande wa kusini, na bado unashuka.

"Usikate simu," alimwambia mdogo wake. "Iweke karibu na mdomo wa mama."

Akaibana simu sikioni, macho kwenye skrini. Pumzi ikaingia. Ikatoka. Akasubiri inayofuata.