Mkutano Wetu wa Kwanza Ibra

Lamees ameniandikia mara ya tatu wiki hii. Anatengeneza kijitabu cha mkutano wa kumi wa wapenzi wa hadithi za kubuni za sayansi, utakaofanyika Nizwa, hapa Oman, na anataka ukurasa mmoja kutoka kwangu: ule mkutano wa kwanza, Ibra, mwaka 2012, ulianzaje. "Bi Ghaliya, wewe ndiye mama yetu," anasema. Mama gani! Miaka yote hii nimewadanganya watoto hawa kwamba wanawake wa mtaa walitupa sabla yao kwa moyo mweupe. Nimechoka. Uso unaniwaka hata kabla sijaandika neno.

Sabla ya wanawake ni ukumbi wa mtaa, na ufunguo alikuwa nao Bi Shukriya. Hufunguliwa kwa harusi, kwa Idi na kwa azaa, watu wanapokuja kuhani wafiwa. Sisi tulikuwa wanawake saba tuliojuana mtandaoni, kutoka Ibra, Sur, Nizwa na Al Qabil, na hatukuwa na pahala pa kukutana. Niliona haya kumwambia Bi Shukriya kwamba mwalimu mzima wa fizikia anataka ukumbi ili azungumze habari za watu wa sayari nyingine. Aliponiuliza kwetu kuna nini, nikajibu, "Azaa. Shangazi yangu wa Sur, Bi Khole."

Bi Khole alikuwa hai, mzima wa afya, anakaanga mandazi yake kila asubuhi. Nilimchagua yeye kwa sababu anakaa mbali. Nilidhani nitapewa ufunguo na mambo yataishia hapo. Mjinga mimi, nimekulia Ibra na nikasahau kwamba kwetu azaa haina mwaliko.

Siku ya mkutano, saa nne asubuhi, tulikuwa tumeshabandika ukutani picha ya Zohali na pete zake, na Wasan wa Sur amevaa kofia aliyoitengeneza kwa karatasi ya fedha ya jikoni. Mlango ukafunguliwa. Wakaingia wanawake ishirini na kitu, na chupa za kahawa, tende na sinia mbili za wali. Wakanipa mkono wa pole mmoja mmoja, wakaketi kandokando ya ukuta. Bi Shukriya akaanza Fatiha. Nami, badala ya kusema kweli, nikainua mikono nikamwombea maghufira mtu aliyekuwa hai. Wasan alivua kofia yake taratibu, akaikalia.

Karibu na adhuhuri jirani mmoja akapiga simu Sur kuwapa pole watu wa nyumba. Aliyepokea ni Bi Khole mwenyewe. Hazikupita dakika tano, simu yangu ikalia.

"Ghaliya, nasikia nimekufa."

"Shikamoo, Bi Khole."

"Marahaba. Nimekufa kwa maradhi gani, nijue nikiulizwa?"

Nilimweleza yote huku nalia. Akasema, "Basi, khalas. Nshamwambia yule bibi kuwa wamekosea, kafa Khole mwengine. Usijifedheheshe mbele za watu. Lakini uje huku, tuonane mimi na wewe."

Nilikwenda baada ya wiki mbili, na kilo mbili za halwa. Tulizungumza habari za joto. Alikuwa anangoja, na nilimwona kabisa kwamba anangoja, nami nikaaga nikaondoka. Kila mwaka nilijiambia, mwakani.

Alifariki Rajab iliyopita. Azaa tuliiweka Ibra, nikatuma habari kwenye kundi la mtaa. Mmoja akaandika, "Khole yupi safari hii?" Wengi hawakujibu kitu. Siku ya kwanza tulikaa watu wanne na madele ya kahawa yamejaa. Bi Shukriya alikuja siku ya tatu, akasoma Fatiha yake, akatoka bila kunitazama.

Haya yote nimeyaandika leo, nikampelekea Lamees. Kajibu upesi, na vikatuni vya kucheka mpaka machozi: "Bi Ghaliya, umenivunja mbavu! Hii tutaiigiza jukwaani. Niongezee mwisho tu: Bi Khole alikusamehe vipi?"

Nikamjibu, "Andika kwamba hakuombwa."