Mbuzi wa Mjomba

Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya baraza, analia, na mimi nilitamani kulia pamoja naye, ila nilikuwa nimeshapakwa poda. Wageni walikaa uani chini ya turubai tangu asubuhi. Vinywaji vilikuwa vimepata joto. Mzee Kakule, baba wa mchumba wangu, alikuwa ameanza kutazama viatu vyake, na mgeni akishaanza kutazama viatu ujue anafikiria kuondoka.

Kwetu sisi Waluba wa Kasai, mahari bila mbuzi wa mjomba si mahari. Mjomba asiporidhika, hakuna ndoa. Wajomba zangu ni wawili na mbuzi ni mmoja. Kalombo, mkubwa, alimtaka kwa sababu ya umri. Tharcisse, mdogo, alimtaka kwa sababu ya toroli.

Hilo toroli! Nimelishwa hadithi yake kuliko nilivyolishwa sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Mwaka 2002, vita vimepamba moto na treni zimesimama, mama yangu Ndaya alishikwa na uchungu wa kunizaa katika kijiji kimoja cha njia ya Kibombo. Wajomba, watoto wa reli wote wawili, walimlaza juu ya toroli la mafundi wa njia ya reli, wakamfunika turubai kwa ajili ya mvua, wakamleta Kindu. Kalombo alisukuma kwa mti upande wa kushoto, Tharcisse kulia, vichwa chini, kama watu wanavyosukuma mtumbwi penye maji ya kina kifupi. Nyuma alisukuma baba yangu, Axel.

Walipofika Kindu, baba hakuwepo. Wakasema amekimbia, tena mapema, hata safari haijashika kasi. Nikakua hivyo, binti wa mtu aliyekimbia. Hata siku hii ya mahari yangu, shangazi Gentille, dada yake baba, alikuwa jikoni anakaanga samaki. Ukoo wa mwoga haukuwekewa kiti.

"Ni mie njo nilimuleta Ndaya!" Tharcisse alipiga kelele uani. "Angalia hii mikono. Ngozi yote ilitoka! Yaya, mukubwa wangu, wewe ulikuwa unapumuzika tu."

"Kupumuzika? Mie?" Kalombo alisimama, kiti kikaanguka. "Tangu kwa daraja nilisukuma peke yangu! Wewe uliachilia, toroli ikakuwa nzito mara moja. Nilijua palepale. Nilinyamaza tu juu ya heshima ya mama yetu."

"Wewe njo uliachilia! Uzito wote uliniangukia mie pale kwa daraja. Nikasema, basi, yaya anataka dada yetu akufe mu njia."

"Munasema kusukuma," mama akaingilia kwa uchungu, "na mie niliyekuwa nazaa? Mimi njo niliteseka kupita nyinyi wote!"

Mzee Kakule akachukua kofia yake.

Nikaona ndoa yangu inasimama na kuondoka. Bibi harusi hatoki chumbani kabla ya kuitwa, lakini hasira zilikuwa zimenifika hapa. Nikatoka.

"Mujomba Kalombo, uliachilia muti?"

"Haki ya Mungu, hapana."

"Mujomba Tharcisse?"

"Hata kidogo!"

"Basi ni nini ilifanya toroli ikuwe nzito?"

Kwa miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa mwenzake. Sasa lilikuwa limewatoka mikononi.

Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Alishika mdomo wake.

"Axel," alisema. "Kulikuwa mulio pale kwa daraja. Nilikuwa chini ya turubai, na maumivu yangu, nikasema ni radi. Kumbe ilikuwa bunduki."

Baba yangu hakukimbia. Alinisukuma mpaka pale, na walipomwona hayupo, hao waliokuwa wanahesabiana uvivu walimpa yeye jina la mwoga ili mambo yaishe. Nilisikia aibu kwa ajili yao, na furaha mbaya iliyonichoma kifua.

Shangazi Gentille alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Amesikia yote. Mzee Kakule aliweka kofia gotini, akabaki.

Kalombo akaenda kwenye nguzo. Vidole vyake vilihangaika na fundo mpaka Tharcisse akaja kumsaidia. Wakamvuta mbuzi hadi mlangoni, wakamnyooshea shangazi kamba, wote wawili wameishika.

Shangazi hakuipokea.

"Daraja gani?" aliuliza.

Kwenye njia ile madaraja ni mengi. Tharcisse alimtazama Kalombo, na Kalombo akaitazama mikono yake.

"Nauliza, daraja gani? Niende nimutafute."

Walikuwa wanakumbuka mvua, malengelenge, bega lililouma, kila tone la jasho lao. Daraja hawakulikumbuka.