Mabaka kwenye Kikaango cha Mama

…na asije mtu akanieleza mimi habari za kikaango hiki, nilikuwepo, kila kitu nimekishuhudia mwenyewe kwa macho haya mawili, tangu kilipokuwa cheusi tititi mkononi mwa mama mpaka hivi kilivyo sasa juu ya jiko la gesi, chuma cha kumimina, kizito kama kichwa cha mkaidi, kimejaa mabaka kama paka wa jalalani, na mimi nimesimama mbele yake na yai moja kiganjani, yai la mwisho, yalikuwa matatu, mawili nimeyajaribia asubuhi kabla baba na dada hawajafika, yakaganda, nikayakwangua kwa kijiko nikayala na ukoko wake, nimekula ushahidi, na sasa limebaki hili, na sebuleni, hatua nne tu kutoka hapa, pazia katikati, amekaa baba, siku tisa tangu atoke hospitali na hajala kitu, maziwa vijiko viwili basi anageuza uso, mpaka alipomwambia dada, ningepata yai la kwenye kile kikaango cha mama yenu ningekula, neno hilo moja, na dada akanipigia simu kwa furaha, "Kile kikaango unacho?" nami nikajibu, "Kipo dada, kinang'aa," na sikusema uongo, sasa kinang'aa kweli, ndiyo balaa yenyewe, nikaomba siku nne, "Siku nne za nini?" za kukiandaa, nikasema, kwa sauti ya fundi, ile sauti inayofanya wateja wasiulize tena…

"We fundi!" huyo dada, kutoka nyuma ya pazia. "Yai moja linataka kikao?" Linakuja, dada, chuma kinapashwa. "Kinapashwa tangu saa tatu! Unakaanga yai au unachomelea geti?" na baba akacheka, au alikohoa, siku hizi vinafanana, yeye dada ni fundi cherehani, ulimi wake nao una sindano, sasa tulia, tulia mwanamume, wewe una miaka ishirini na sita kwenye chuma, darasa la sita uliwaachia wenyewe lakini chuma umekisoma, si wewe uliyeunga ekseli ya lori katikati ya barabara, watu wakasimama wakapiga makofi, kuna wanaosema lilikuwa mkokoteni, hao wana wivu, basi kitazame hiki kama kazi ya mteja, kuna mabaka matatu, na kila baka lina sababu yake.

La katikati, duara, rangi ya kahawia kama chai iliyomwagika, hilo ni moto, jiko hili dogo linachoma kitovu tu, pembeni kunabaki baridi, kitovu kimeiva na mbavu ni mbichi, nilipaswa kukizungusha, au kukitia kwenye oveni kikaiva chote sawasawa, lakini oveni anayo dada, na ningemwambia nini, nipe oveni yako niokee kikaango kinachong'aa… la pili, upande wa mpini, panatonata, nikigusa kidole kinaondoka kwa sauti kama busu la mtoto, hayo ni mafuta, nilimimina kama mtu anamwagilia bustani, nikasema kikiyanywa mengi kitakuwa cheusi zaidi, halafu nikakiacha kinaangalia juu, mafuta yakatuama yakageuka gundi, angalau ningekifudikiza yachuruzike… na la tatu, Mungu wangu, nusu nzima ya kushoto, nyeupe, tupu, mafuta yakipakwa yanakimbia kama yamefukuzwa, hapo hakuna ngozi kabisa, ule weusi wa mafuta yaliyoivia kwenye chuma, na hapo si moto wala mafuta, ni mimi, grinda yangu hii hii, nilikitia diski nikakilainisha, kisha msasa, nikakilainisha tena mpaka nikaona meno yangu ndani yake, nikajipongeza, nikamwita muuza vyuma chakavu wa mlango wa pili aje aone, akasema, "Bingwa, hiki ni kikaango au kioo?" nikadhani amenisifu, kumbe chuma kikishakuwa laini namna ile mafuta yatashika nini, yataning'inia wapi…

Nilipokitoa baada ya simu ya dada ilikuwa kutu tu, na kutu ya juu juu, chumvi na kitambaa na nusu saa ya mkono vingetosha, lakini fundi hana mkono, fundi ana mashine, nikaiwasha, na vumbi likaruka jekundu kidogo halafu jeusi, jeusi, jeusi, likatua kwenye kope zangu, likaingia puani nikapiga chafya, ile ilikuwa miaka thelathini na kitu ya mama, asubuhi kwa asubuhi, nami nimeipiga chafya mara tatu nikasema alhamdulillahi, na kutu yenyewe ilitoka wapi, tuseme ukweli, ilitoka chini ya benchi langu la kazi, nyuma ya mtungi wa gesi, pale paa linapovuja, miaka miwili, kikaango kimelala pale kama mzigo uliokosa mwenyewe na dada anajua kila siku nakipikia, kila akiuliza namwambia, "Jana nilikitumia, dada, nilimkumbuka mama," na anafuta macho.

"Baba anauliza unahitaji msaada?" Mwambie akae mkao wa kula. "Amekaa mkao wa kula tangu tufike, sasa anakaa mkao wa kulala." Na baba mwenyewe, sauti nyembamba, inayotoka mbali kama redio ya jirani, "Mwacheni, mwacheni, mkono wa mama yake ule," na mimi kijasho kikanitoka, mkono wa mama yake, yai likateleza kidogo kiganjani nikalibana, usivunjike wewe, si sasa.

Mkono wa mama ulifanyaje, fikiri, wewe uliona, ulikuwepo, ulikuwa umekaa pale mlangoni juu ya ndoo iliyogeuzwa, unatafuna, unapiga porojo kama kawaida yako, mama akakisugua kwa maji ya moto, akakirudisha motoni kikakauka mpaka kikatoa pumzi, akadondosha mafuta, tone, kama dawa ya sikio, akayapaka ndani nje na mpini wote, halafu akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, na kitambaa kikavu kikawa mkononi mwake, akayafuta yale mafuta, yote, yote, kama mtu aliyejuta kuyapaka, nami nikasema, "Mama, ubahili huu hata kwa kikaango?" nikacheka peke yangu, nakumbuka nilicheka kwa sababu utani ulikuwa mzuri, na mama akakipasha moto, akapaka tena tone, akanyoosha mkono nyuma tena, kitambaa kingine, akafuta tena… safu juu ya safu, nyembamba kama mvuke, hiyo ndiyo ngozi, hiyo ndiyo siri, si wingi, ni kufuta, nimeiona mara elfu na leo ndiyo naiona… na kile kitambaa kilitoka wapi, mama hakukitazama, hakukiomba, kilikuwa tu mkononi mwake, nani alikuwa nyuma yake… dada, dada alikuwa nyuma yake, kila mara, na kitambaa kimekunjwa tayari, miaka yote ile mimi nashuhudia na yeye anafanya, mimi macho, yeye mikono.

Na siku ya kugawana vitu vya mama alikuwa ameshakifunga kwenye shuka, hakuomba kingine, si kabati wala redio, kikaango tu, amekikumbatia kama mtoto, nami nikasimama mbele ya wote, wajomba, mashangazi, nikakohoa kidogo nikasema, mama siku ya mwisho, nilipobaki naye peke yangu, dada akiwa ameenda kuchukua dawa, alinishika mkono akaniambia, "Kikaango apewe fundi wangu, yeye ndiye anayejua chuma," na watu wakalia, shangazi akapiga kite, na mimi mwenyewe nikalia, nilisema vizuri sana siku ile, na dada akafungua shuka taratibu, fundo moja, fundo la pili, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Kama mama amesema, mdogo wangu," basi, hajasema lingine mpaka leo, na sikukitaka hata, nilitaka tu na mimi nionekane nina changu kwa mama, nikakipeleka chini ya benchi.

"Mdogo wangu," safari hii sauti imeshuka, haina sindano, yuko karibu na pazia, naona vidole vya miguu yake chini ya upindo, "kama kinaganda sema, kitu kidogo hicho, tone la mafuta na kitambaa, nije?" na mdomo wangu umeshafunguka kusema hapana dada, nimezoea, jana tu nilikitumia, maneno yamejipanga kwenye ulimi kama askari, na mafuta yanaanza kutoa moshi upande wa kitovu, na mabaka yananitazama, na yai zima, la baridi, kiganjani, baba kule anasubiri kula kwa mara ya kwanza, na mtu pekee katika nyumba hii anayeweza kumlisha amesimama nyuma ya kitambaa anaomba ruhusa kwangu… nitamwita, namwita sasa hivi, acha nivute pumzi moja, nitasema kimeharibika na nimekiharibu mimi, na hicho ndicho chepesi, kizito ni kile kingine, kwa sababu miaka miwili amekuwa akijua kwamba mama aliondoka akitaja jina langu, na haya yote niliyoyaona niliyaona, naapa, tone, vitambaa, mikono, yote, isipokuwa hilo moja, hilo nililitunga mwenyewe, palepale, nimesimama mbele ya watu, mama siku ile hakutaja kikaango, hakutaja chuma wala fundi, alifumbua macho akatazama mlangoni, akauliza kama dada yangu amefika, nikamwambia bado, akauliza tena.