Taa Nyekundu ya Betri

Mafundi wenzake walimwita Brashi kwa sababu hakuna kitu alichokiamini kuliko rangi, kazi yake. Geti likishika kutu, dawa yake rangi. Ukuta ukila unyevu, rangi. Hata kiti kikicheza alikipaka rangi kwanza, msumari ukafuata baadaye. Mkewe alizoea kumtania kwa hilo, lakini mimba ilishaingia mwezi wa tisa na nyumba haikuwa na mzaha tena. Masikio ya Brashi yalikuwa kwa mkewe, macho yake yalikuwa kwenye ile taa ya gari lake.

Taa yenyewe ni ndogo, nyekundu, ina alama ya betri, iko pale nyuma ya usukani. Mwanzoni ilimetameta gari likipita kwenye shimo, kisha ikatulia. Wiki hii ilikuwa inawaka njia nzima, na asubuhi gari lilikohoa sana kabla ya kuwaka. Brashi alianza kuliamkia kabla hata ya kunawa uso.

Kigari kile kikuukuu walikinunua kwa sababu moja tu. Mimba ya kwanza, uchungu ulipoanza, walisimama barabarani kungoja gari la kukodi. Waliahidiwa linakuja, linakuja, mpaka mke akakaa chini kwenye vumbi. Walipofika hospitali, mtoto alizaliwa na hakulia. Brashi aliapa kwamba mkewe hatangoja tena gari la mtu, akajinyima, akanunua lake. Sasa gari hilohilo ndilo lililomnyima usingizi.

Alimpigia shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi umeme wa magari, ambaye alikuwa kazini mji mwingine.

"Alteneta inachaji, nimeipima mwenyewe juzijuzi," shemeji alisema. "Mkanda nao nimeukaza. Nikirudi nitaliangalia. Wewe usiguse kitu, shemeji, nakujua."

"Siwezi kugusa," Brashi akajibu, na aliamini anasema kweli. Kusafisha na kupendezesha, kwake yeye, hakukuwa kugusa.

Siku yenyewe ilifika shemeji hajarudi. Asubuhi moja, Brashi akiwa anafunga kamba za viatu, alimwona mkewe amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Chupa imepasuka," alisema. "Twende."

Begi lilikuwa tayari. Brashi alimkalisha mkewe kiti cha nyuma, akazunguka mbio, akazungusha ufunguo. Gari likasema tk. Akazungusha tena. Tk. Jirani mwenye gari alikuwa ameshaenda kazini, na mtaa mzima haukuwa na gari lingine.

"Nitafute la kukodi?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Sikai tena barabarani," mkewe alisema. "Utanizalisha humuhumu, lakini barabarani sikai."

Brashi akampigia shemeji. Shemeji alisikia mara moja kwamba hapa hakuna utani.

"Washa taa kubwa. Zina mwanga?"

"Zina mwanga mkali."

"Sasa piga stata huku unaziangalia."

"Zimezimika. Zimezimika kabisa. Sasa zimerudi."

"Basi betri ina chaji bado. Umeme unakwama njiani. Fungua boneti, gusa vile vichwa viwili vya betri, pale waya zinapobana."

Brashi akagusa, akautoa mkono haraka. "Kimoja kinaunguza."

"Hapohapo. Kimelegea?"

"Hakijalegea."

"Kina kutu?"

"Kutu itoke wapi? Nilivikwangua, nikavipaka rangi ya fedha, tena tabaka mbili, ndipo nikarudisha waya."

"Umepaka rangi vichwa vya betri," shemeji alisema polepole. "Chini ya waya."

"Visishike kutu."

"Shemeji, umeme haupiti kwenye rangi. Umeufungia mlango. Fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya, kwangua mpaka uone madini ya risasi tupu. Na ndani ya zile klempu zinazobana waya pia. Kimbia."

Nyuma mkewe aliguna, mguno mrefu wa meno yaliyoumana. Kwa hiyo si betri, si alteneta. Ni yeye. Alivuta spana, akavuta kikwangulio chake cha kazi, kile alichokitumia kutoa rangi za watu wengine, na akaanza kuitoa yake. Ilikuwa imeshika vizuri. Maisha yake yote alijisifu kwamba rangi yake haibanduki, na sasa aliiapiza rangi hiyo kwa kila neno baya alilolijua. Akamalizia na msasa mpaka risasi ikang'aa, akarudisha klempu, chanya kisha hasi, akakaza.

Gari liliwaka mara ya kwanza. Ile taa nyekundu ikazimika, na njiani hakuacha kuichungulia.

"Tazama barabara," mkewe akamwambia.

Hospitali wauguzi walimpokea mke kwa kiti cha magurudumu na kumpitisha kwenye mlango mweupe. Brashi alipotaka kufuata, muuguzi mmoja mtu mzima akamzuia, akamwonyesha vidole vyake, vyeusi kwa uchafu wa betri na vyenye vipande vya rangi ya fedha.

"Baba, mtoto hashikwi kwa mikono hiyo. Bomba liko pale."

Alisugua kwa sabuni, akasugua tena, kucha hadi kiwiko. Rangi ya kwenye kucha haikutaka kutoka. Nyuma ya mlango alisikia sauti za watu wakiharakisha, kisha hakusikia kitu, na ukimya huo aliujua. Ulikuwa uleule wa mara ile. Akaegemea sinki, maji yakaendelea kumwagika mikononi.

Halafu kukatoka sauti nyembamba, kali, ya mtu mwenye hasira. Brashi akafunga bomba ili aisikie vizuri.